Dirisha la Rangi kwenye Pawa Saplai: Elfu Hamsini Yako Iende Wapi?

Fundi amekwambia elfu thelathini. Atafungua boksi la pawa saplai ya kompyuta yako, atakata tundu ubavuni, atabandika plastiki ya bluu au nyekundu na kupitisha taa ndani. Ukiwasha usiku, chumba kizima cha gemu kitajua mashine ya nani imeingia. Anataka jibu leo, maana kesho anakwenda Masasi. Kabla hujatoa hela, tupige hesabu.

Hiyo elfu thelathini ni ufundi mtupu. Kipande cha plastiki chukulia elfu tano. Utepe wa taa elfu sita. Raba ya kuzungushia ukingo na skrubu, elfu nne. Kopo la rangi ya kupuliza, ili chuma kilichokatwa kisile kutu, elfu nane. Tayari uko kwenye elfu hamsini na tatu, na hujanunua kitu hata kimoja kinachoifanya kompyuta iende kasi au idumu zaidi. Bei hizi, na nyingine zote za madukani nitakazotaja, ni makadirio ya kupangia bajeti. Duka na duka hazilingani, na ukionekana una haraka zinapanda.

Sasa jiulize utaona nini. Boksi la kawaida la pawa saplai ya kisasa lina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na urefu unaoanzia 140. Uso mpana ndio wenye feni, huo haukatwi. Nyuma pana soketi ya waya wa umeme na matundu ya kutolea joto. Mbele zinatoka nyaya. Kinachobaki ni ubavu, na ukishaacha ukingo wa kushikia skrubu, dirisha linabaki kama sentimita 10 kwa 5. Ni dogo kuliko kioo cha simu yako. Na kwenye maboksi mengi ubavu huohuo ndio umebandikwa lebo ya volti na ampea, kwa hiyo fundi ataikata au ataibandua. Siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atauliza ni ya wati ngapi na wewe utabaki na maneno tu.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hakukwambia kwa sababu hukumuuliza. Kasha la kompyuta yako, hilo ambalo wengi wetu tunaliita CPU, lina ubavu wa kioo au wa bati? Kama ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, ubavu ni bati tupu, na dirisha la ndani halitaonekana mpaka uache kasha wazi, vumbi na mijusi viingie vitakavyo. Kama ni kasha jipya la gemu lenye ubavu wa kioo, pawa saplai imekaa chini kabisa, mara nyingi imefunikwa na bati lake la kuificha. Hapo hata ukiweka dirisha la dhahabu, halionwi na mtu. Mtindo huu wa kukata pawa saplai ulishika kasi miaka ya mwanzoni ya 2000, wakati makasha yaliweka boksi hilo juu, karibu na macho. Makasha yamebadilika, mafundi wengine bado wanauza kazi ileile.

Tuingie ndani ya boksi, maana humo ndimo kwenye gharama kubwa. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230. Ukiingia kwenye pawa saplai unageuzwa kuwa umeme mnyoofu wa volti zipatazo 325, na kwenye zile bora unapandishwa karibu na 400, kabla ya kushushwa kuwa 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na kompyuta. Ule umeme mkubwa unatunzwa kwenye kapasita nene, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Baadhi ya mabati ya kupozea yaliyo ndani nayo yana umeme, ingawa kwa macho yanaonekana vipande vya aluminiamu tu. Mtu anayebadilisha kioo cha simu vizuri si lazima awe anajua haya.

Boksi la chuma nalo limewekwa pale kwa kazi. Linazuia kidole kisiguse, linapeleka umeme uliovuja kwenye waya wa ethi, linazuia kelele za umeme zisivuruge redio ya jirani, na linaelekeza hewa ya feni ipite kwenye vitu vyenye joto kabla ya kutoka nyuma. Ukikata tundu, umepunguza kidogo kila kimoja. Ukishikilia plastiki kwa skrubu ndefu zinazochungulia ndani, umepunguza zaidi, kwa sababu ncha ya skrubu ikigusa bati lenye umeme, kasha zima linaweza kuwa na umeme.

Halafu kuna vumbi la chuma. Grenda ikikata bati inamwaga chembe ndogo zinazong'aa. Zikidondoka kwenye ubao wa saketi ndio mwisho wa pawa saplai, na pengine zikaondoka na mazabodi. Swali la kumuuliza fundi ni moja: "Fundi, utatoa ubao nje kabla ya kukata?" Akijibu, "Usijali bosi, nafunika na kitambaa tu," chukua boksi lako uondoke. Akijibu kwamba anatoa kila kitu na boksi linakatwa likiwa tupu, angalau anajua kazi, ingawa bado nitakushauri usikate.

Vipi kuhusu plastiki yenyewe? Watengeneza mabango wanakuwa na vipande vya akriliki vinavyobaki, vya rangi nzuri na bei rahisi. Kwa bango ni sawa. Kwa pawa saplai ina kasoro mbili: hulainika kwenye joto la takriban nyuzi 100, na ikishika moto inaendelea kuwaka. Polikaboneti, ile ngumu inayotumika kwenye paa za uwazi na ngao za askari, inavumilia joto zaidi na haishiki moto kirahisi, lakini kipande chembamba cha rangi unayoitaka kukipata hapa kwetu Mtwara ni kubahatisha. Kioo cha dirisha hakiungui, ila kutoboa matundu ya skrubu kwenye kipande kidogo namna hiyo ni kazi ya kuvunja vitatu upate kimoja, na vyote vitatu utavilipia wewe.

Na pwani yetu haina huruma na chuma. Ukikaa Shangani au Mikindani unajua jinsi bawaba ya geti inavyoliwa. Bati la pawa saplai limepakwa kiwandani, na pale grenda ilipopita, mipako imeondoka. Ukingo usipopigwa msasa na kupakwa rangi siku hiyohiyo, kutu itaanza, na punje za kutu zitadondoka ndani ya boksi ambako feni inavuta hewa. Ndiyo maana ile elfu nane ya rangi nimeihesabu, japo kwenye bei ya fundi haimo.

Kuna waranti pia. Stika ndogo iliyopita juu ya skrubu ya pawa saplai mpya ikikatika, waranti imekufa. Kwa boksi la mtumba hupotezi kitu. Kwa jipya la laki na nusu, umelipa elfu hamsini ili upoteze haki ya kurudishiwa laki na nusu.

Basi hukumu yangu ni fupi: pawa saplai isikatwe. Rangi unayoitaka inapatikana kwa bei ndogo zaidi bila kugusa boksi hilo.

Nenda kwenye duka la mapambo ya bodaboda na bajaji. Humo mna utepe wa taa za LED wa volti 12 wa kila rangi, na mna stika za uwazi za rangi zinazobandikwa kwenye taa za bajaji. Kompyuta yako nayo inatoa volti 12, kwenye kile kiunganishi cha pini nne chenye nyaya za njano, nyekundu na nyeusi mbili. Njano ni 12, nyeusi ni kurudi, nyekundu ni 5 na humu haihusiki. Nusu mita ya utepe inatosha kuwasha kasha zima. Mwambie fundi aweke fyuzi ndogo kwenye waya wa njano na asichune waya wowote wa pawa saplai, atumie kiunganishi. Kompyuta iwe imezimwa na kuchomolewa ukutani wakati anafunga. Kwa utepe, kiunganishi, fyuzi na ujira wa nusu saa, elfu kumi na tano ikuishie hapo. Ukichoka na bluu mwakani, unabandua na kuweka nyekundu.

Kama kasha lako lina ubavu wa kioo tayari, stika ya uwazi ya rangi ikibandikwa kwenye kioo inakupa dirisha la rangi kubwa mara nyingi kuliko lile la fundi, na ni bei ya chai na vitumbua. Waliozoea kubandika stika za magari wanaifanya bila mapovu. Usifunike matundu ya hewa tu.

Kama ubavu ni bati, na moyo wako haujatulia bila dirisha, basi kata bati la ubavu wa kasha. Hili linafunguka kwa skrubu mbili, unalibeba peke yake kwapani mpaka kwa fundi, na kompyuta inabaki nyumbani salama. Ninayempendekeza ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, ambaye Mtwara mjini hakosekani. Huyu ana vifaa vya kukatia, ana raba za ukingo, ana vioo vya rangi ya shaba, bluu na kijani vilivyobaki kwenye kazi za watu, na mkono wake umezoea vipimo. Kwa dirisha la sentimita 30 kwa 25 panga elfu ishirini na tano hadi thelathini na tano, kioo kikiwa cha mabaki. Mpatane bei kabla hajawasha mashine, na mkubaliane kioo kikivunjika mezani kwake ni hasara ya nani.

Mwangalie silikoni anayotumia. Ile ya kawaida inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma na viunganishi vya shaba. Tumia isiyo na harufu ya siki, au uache bati likauke nje siku mbili tatu kabla ya kulirudisha. Bora zaidi, tumia raba ya kubana bila silikoni kabisa. Kioo ni kizito, kwa hiyo kasha la bati jepesi litayumba kidogo. Ukiona hivyo, akriliki hapa haina ubaya, maana kwenye ubavu wa kasha joto si kama la ndani ya pawa saplai.

Wapo watakaosema hayo yote ni ya kuungaunga, heri kununua pawa saplai mpya iliyokuja na taa zake kutoka kiwandani. Ni wazo zuri ukiwa na fedha na ukijua kusoma lebo. Usipojua, hapa ndipo watu wanapopigwa.

Zipo za aina mbili sokoni, na kwenye picha ya simu zinafanana. Moja ni boksi la rangi lenye feni ya taa, limeandikwa 500W au 600W kwa herufi kubwa, na bei yake inazunguka laki moja, wakati mwingine chini ya hapo. Nyingine ina alama ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004 wa kupima pawa saplai inapoteza umeme kiasi gani. Hii ikiwa na taa, jiandae na laki mbili au zaidi. Bila taa, ya wati 500 au 550 ya daraja la shaba (Bronze) la mpango huo unaweza kuipata kwa laki na nusu hivi. Taa peke yake, basi, inakugharimu kama elfu hamsini, na umeshaona kwamba utepe wa bodaboda unafanya kazi hiyohiyo kwa elfu kumi na tano.

Geuza boksi usome mstari wa volti 12. Nguvu halisi ya kompyuta ya leo inapita humo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Boksi lililoandikwa 500W kwa nje, na kwenye lebo 12V 16A, linakupa wati 192 kwenye mstari unaohusika. Hizo hazitoshi kadi ya gemu ya maana, na ukilazimisha litazima katikati ya mechi au litaungua. Boksi la kweli la wati 500 litakuonyesha ampea 35 na kuendelea kwenye volti 12. Liinue pia kwa mkono. Jepesi kama kopo tupu, liache. Transfoma, koili na mabati ya kupozea yana uzito, na mtengenezaji anayepunguza gharama huanzia hapo. Alama ya 80 PLUS nayo hubandikwa na yeyote mwenye mashine ya stika, kwa hiyo tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya mpango wenyewe mtandaoni. Kuangalia ni bure.

Mwenye kompyuta ya ofisini ya mtumba awe mwangalifu zaidi. Nyingi ya hizo zina pawa saplai ya umbo lake, nyembamba au ndefu, na plagi ya mazabodi isiyo ile ya kawaida ya pini 24. Utanunua pawa saplai nzuri, ifike, isiingie. Au iingie, ikose waya wa kuunganisha, na waya huo uagizwe tena Kariakoo. Piga picha plagi na lebo ya ile ya zamani kabla ya kuagiza chochote.

Na kuagiza kuna bei yake. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Kifurushi cha basi kina nauli yake, chukulia elfu tano hadi kumi kwa boksi moja. Muuzaji atakwambia tuma na ya kutolea. Kuna makato ya kutuma kwa simu. Kuna bodaboda ya kutoka dukani hadi stendi ya Dar, ambayo wauzaji wengine wanakudai wewe, na bodaboda ya kutoka stendi yetu hadi Chikongola au Ligula. Ukijumlisha, boksi la laki na nusu linafika kwako likiwa laki na sabini. Ukipewa bovu, safari ya kurudisha unailipia wewe kwenda na kurudi. Mvua zikikorofisha ni habari nyingine: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikakwama. Kwa hiyo tofauti ya elfu ishirini kati ya duka la Mtwara na la Kariakoo mara nyingi si tofauti. Nunua hapa, mbele ya macho yako, ijaribiwe iwake, upewe risiti ya EFD.

Tuje kwenye kitu ambacho hakina rangi yoyote na ndicho ningekitolea hela kwanza: umeme unaoingia kwenye hilo boksi.

Tumekaa juu ya gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, imeendesha mitambo ya umeme ya Mtwara kwa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa. Mtu wa Msimbati anayeona mitambo ya Madimba kila akipanda gari kwenda mjini analipa LUKU kwa bei ileile ya mtu wa Mbezi, maana viwango vya bei ya uniti ni vilevile nchi nzima. Na ujirani na kisima haumhakikishii volti. Ukiwa mwisho wa laini, jioni kila mtu akiwasha, taa inakuwa njano na feni inazunguka kwa uvivu. Pawa saplai iliyoandikwa "100–240V" itavumilia hali hiyo. Iliyoandikwa "200–240V" au "230V" pekee itazima na kuwaka, kuzima na kuwaka, mpaka itakapochoka. Kwa mkazi wa Msimbati au Madimba, namba hiyo ina thamani kuliko taa zote za dunia.

Kisha ethi. Weka mgongo wa vidole kwenye bati la kasha kompyuta ikiwa imewashwa. Ukihisi kama linatekenya, kama sisimizi wanapita, ethi haipo. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyopeleka umeme mdogo sana kwenye boksi ili ushuke ardhini, na usipopata njia ya kushuka unabaki hapo unakungoja. Kosa mara nyingi liko kwenye ekstensheni ya bei rahisi: ina matundu matatu kwa nje, lakini ukifungua waya wake ndani unakuta nyuzi mbili tu. Ekstensheni ya kweli yenye waya nene wa nyuzi tatu ni elfu ishirini au thelathini. Kama nyumba yenyewe haina ethi, fimbo, waya na fundi umeme mwenye leseni vitafika elfu hamsini au zaidi. Mpangaji aongee na mwenye nyumba gharama ikatwe kwenye kodi, kwa maandishi. Na yule aliyekwishakata pawa saplai yake kabla ya kusoma hapa, ethi kwake haina mjadala.

Baada ya hapo kinga. Gadi ya volti, ile ya friji na televisheni, ni elfu ishirini na tano hadi arobaini. Umeme ukipanda au kushuka inakata. Inaokoa kifaa, haiokoi kazi, maana kompyuta inazima palepale. Stabilaiza ndogo ni elfu hamsini hadi themanini, inainua volti zilizoshuka, na kwa walio mwisho wa laini ndiyo yenye maana. UPS ndogo, laki na nusu hivi ikiwa mpya, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Gharama yake iliyojificha ni betri, ambayo kwenye joto letu usitegemee itapita miaka miwili au mitatu, na UPS ya mtumba unayouziwa elfu hamsini kwa kawaida betri yake imeshakufa. Ulizia bei ya betri kabla ya bei ya UPS. Na ukishanunua pawa saplai bora, ijaribu na UPS hiyo dukani: kuna UPS za bei rahisi ambazo umeme wake haupatani na pawa saplai za kisasa, kompyuta inazima umeme ukikatika kana kwamba UPS haipo.

Neno kuhusu LUKU, kwa sababu wauzaji hawaligusi. Bei ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inakuwa kama 356. Nusu mita ya utepe wa taa inakula wati mbili na nusu. Kwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni nusu uniti, yaani shilingi 185 hivi. Taa haikufilisi. Pawa saplai mbovu inaweza. Kompyuta inayohitaji wati 150 ndani, ikiwa na pawa saplai inayopoteza asilimia 30, inavuta wati 214 ukutani. Inayopoteza asilimia 15 inavuta 176. Kwa saa zilezile, tofauti ni karibu uniti 8 kwa mwezi, shilingi 2,800, au kama elfu thelathini na tatu na mia sita kwa mwaka. Mwenye stesheneri anayewasha kutwa nzima, miaka miwili imerudisha ile nyongeza ya elfu hamsini aliyolipa juu ya bei ya boksi la laki moja.

Mwenye mita ya matumizi madogo, ya shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75, aangalie zaidi. Kompyuta ya wati 200 kwa saa hizo inameza uniti zipatazo 42 peke yake. Weka friji na televisheni, umevuka 75, na kila uniti inayozidi ni shilingi 350 kabla ya kodi.

Sasa mfukoni. Ukiwa na elfu ishirini tu, chukua utepe wa taa na fyuzi, uhakikishe ekstensheni ina nyuzi tatu, upumzike. Ukiwa na elfu hamsini, zile ambazo dirisha la fundi lingezimeza, anza na ekstensheni ya kweli na gadi, taa zifuate zikibaki chenji. Laki moja ni stabilaiza na taa kwa mtu wa Msimbati. Kwa mtu wa mjini mwenye umeme ulionyooka, ni dirisha la ubavuni kwa fundi aluminiamu, gadi, na utepe. Usinunue pawa saplai ya laki moja yenye feni ya taa, labda kama ya sasa imeshakufa na huna njia, na hata hapo ya mtumba iliyotolewa kwenye kompyuta nzima ya ofisi, kwa elfu thelathini, mara nyingi ni imara kuliko hiyo. Ukiwa na laki mbili, nunua pawa saplai yenye daraja la shaba isiyo na taa, na elfu hamsini inayobaki ikutoshe kwa rangi zote unazozipenda.

Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba na hela zikaanza kuzunguka, usitarajie punguzo dukani, kwa hiyo anayetaka kupatana bei apatane kabla. Na kama bado utaagiza Dar, mwambie muuzaji akupigie picha ya lebo yote, mstari wa volti 12 usomeke, pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni ya boksi. Picha ifike kwanza, hela zifuate.